Mchoro Uliokatwa Pembeni

Fundi cherehani alikuwa na ukuta mmoja tu wa kujivunia, na hata huo rangi yake ilishachoka. Kilichoupamba ni michoro ya mtoto wa mumewe, binti wa miaka minane aliyehamia kwao miezi mitano nyuma akiwa na begi moja na kalamu za rangi zilizokwisha ncha. Kila alichochora, fundi alikibandika sebuleni kwa selotepu. Mlango ukibamizwa, mitatu inaanguka. Anaokota, anabandika tena.

Michoro ilifika kumi na mmoja, na yote ni ya nyumba ile ile. Baba yupo, na mkoba wake wa kazini. Fundi yupo, na cherehani kubwa kama gari. Mtoto mchanga wa fundi yupo, kichwa kama boga. Hata paka wa jirani, mwizi yule, yupo. Mchoraji mwenyewe hayupo.

"Mbona wewe humo?" fundi alimuuliza siku moja.

"Mimi ndiye nachora," binti akajibu, na maneno yakaishia hapo.

Wala hakuwa akimwita mama. Alimwita "Fundi", kama wateja. Fundi hakumlazimisha. Moyo haupigwi pasi, alijisemea, utanyooka wenyewe.

Basi Jumapili moja ukaja mchoro wa kumi na mbili. Upande wa kulia kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, alisimama mtu mdogo mwenye mafundo mawili ya nywele na viatu vyekundu. Mguu mmoja uko nje, mmoja umeshaingia mlangoni. Fundi aliutazama, akabana pumzi kama mtu asiyetaka kumrusha ndege.

"Huu haubandikwi kwa selotepu," akasema. "Huu tunautia fremu. Ijumaa ukitoka shule, utaukuta ukutani."

"Kweli?"

"Ahadi ni deni."

Jumatatu akaupeleka kwa Kioo, mtengeneza fremu. Watu wa mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, lakini pia ahadi zake zilivunjika upesi kuliko vioo. Jumanne, gundi haijakauka. Jumatano, mbao hazijafika. Alhamisi, kibanda kimefungwa, na jirani hajui lolote. Kila safari fundi aliacha magauni ya watu hayajapindwa, akafunga mtoto mgongoni, akaenda, akarudi mikono mitupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lake lilikuwa limeuma vya kutosha.

Ijumaa saa nne asubuhi, Kioo akatoa fremu, akaifuta kwa mkono wa shati, uso wote meno. Baba yupo. Fundi yupo. Boga lipo, paka yupo. Mlangoni palibaki kiatu kimoja chekundu, hakina mwenyewe.

"Kioo, mtoto yuko wapi?"

"Si huyo hapo, mwenye kichwa?"

"Mwingine! Wa mlangoni!"

"Aa, yule. Kioo cha saizi ile sina, nikapunguza pembeni kidogo. Upana wa vidole viwili tu, mama."

"Vidole viwili! Mimi mteja akiniletea kitambaa kifupi, namkata mteja mkono?"

"Fundi mwenzangu, usipandishe. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji, ni karatasi, na karatasi huokotwa. Iko wapi?"

Kioo akakuna kisogo. Fundi hakumsubiri. Alipiga magoti kwenye vumbi la mbao, akapekua boksi la mabaki: pembe za vyeti, kingo za picha za harusi, gazeti la kufutia vioo. Hamna kitu. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kumfuata.

"Ngoja!" Kioo akaruka. "Jana jioni nilitengeneza kioo cha kinyozi hapo jirani. Kilikuwa kinacheza ndani ya fremu, nikakikaza kwa vipande vya karatasi."

Kwa kinyozi walimkuta mteja kanyolewa nusu kichwa.

"Nimalize kwanza, mama," kinyozi akaomba.

"Kungoja nimeshangoja tangu Jumatatu. Kishusheni hicho kioo."

"Sasa mimi nitajionaje?" mteja akalalamika.

"Utajiona ukifika nyumbani!"

Kioo kikashushwa, misumari ikang'olewa. Kile kipande kilikuwa nyuma kabisa, kimekunjwa mara nne, na mkunjo mmoja umepita katikati ya tumbo la mtoto. Kioo akasema atatengeneza fremu kubwa zaidi. Jumatatu, bila kukosa. Fundi akacheka kile kicheko ambacho mumewe akikisikia huenda kukaa nje.

Nyumbani akajaribu gundi. Karatasi ikajikunja kama jani kavu. Akajaribu selotepu, nayo ikang'oka na rangi ya shavu. Akasonya, akaiweka karatasi chini ya sindano ya cherehani. Mshono wa kwanza uliichana. Akalegeza uzi, akatanua hatua za sindano, akashona tena kwa uzi mwekundu, pole pole, kama anayeshona jeraha. Haukunyooka. Mguu ulipishana na kiatu chake. Na sasa mchoro ulirudia upana wake, fremu haiutoshi. Akaupigilia ukutani kwa pini nne, na fremu tupu akaisukuma nyuma ya kochi. Miaka kumi na tano ya ufundi, na hii ndiyo kazi ya kuonyesha!

Saa saba binti akaingia, begi bado begani. Akasimama mbele ya ukuta. Akaupitishia kidole ule mshono, juu mpaka chini.

"Nani kanikata?"

"Kioo. Lakini mimi ndiye niliyempelekea." Fundi akashusha pumzi. "Nilikuahidi fremu, fremu hamna. Na mshono umeenda upande. Nisamehe."

 Binti aliinama, akakichunguza kile kiatu chekundu ndani ya mlango, na uzi uliokishika.

"Fundi."

"Naam."

"Ukitaka kuutoa huu mguu, itabidi ufumue?"

"Itabidi. Lakini sifumui."

"Hata baba akisema ni mbaya?"

"Hata nani akisema."



"Basi uache hivyo hivyo," binti akasema, akashusha begi, akaenda kunawa mikono.