Pumzi ya Shemeji

"Puliza mpaka mwisho, mama, usikionee huruma," nesi wa bima alisema, na mchoma mikate akaupuliza mrija wa kile kifaa cha kubaini wavuta sigara mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Taa ikawaka nyekundu.

Mkanda unga alikuwa ameshapita. Yake iliwaka kijani, kwa sababu tangu tangazo la kupimwa libandikwe alikuwa hajagusa sigara, akishinda anamung'unya pipi kama mtoto. Kampuni ya bima ilisema wazi: anayevuta atachangia zaidi ya wenzake, maana kajitakia mwenyewe. Yeye aliona ni haki kabisa, ilimradi asiwe yeye.

"Mimi sivuti," mchoma mikate alisema. "Nimetoka mdomoni mwa tanuri sasa hivi. Moshi wa kuni naumeza tangu asubuhi."

"Kila mtu ana sababu yake, mama."

"Kumbe vile vipande vya sigara nyuma ya ghala ni vya bibi!" mpakia mikate akatania, na wenzake wakaangua kicheko.

Mama yule akamgeukia mkanda unga. Alikuwa mjane wa kaka yake, na ndiye aliyemwombea kazi hapa alipokuwa hana mbele wala nyuma. "Shemeji, si unanijua? Waambie."

Vipande vile vilikuwa vya mkanda unga, vyote. Akafungua kinywa, kikatoka kitu kingine. "Ya watu mimi siyajui, shemeji."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Shemeji yake hakugomba. Alimtazama kidogo tu, akarudi kwenye tanuri. Alipoipua mikate, akaingiza mingine, kisha akakata mmoja wa ile iliyoiva, akamsogezea nusu kwenye meza ya unga kama alivyozoea. "Kula, ungali moto." Akauweka mezani bila kuuonja. Laiti angemtukana, ingekuwa nafuu.

Nesi alikuwa uani anafunga mkoba. Mkanda unga akamfuata, unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Nipime tena."

"Umeshapita, baba. Nenda kazini."

"Vile vipande ni vyangu. Hicho kifaa nimekidanganya."

Nesi akashusha pumzi. "Ukisema hivyo utalipa bei ya wavutaji. Na yule mama hatoki kwenye orodha ya wavutaji. Taa yake iliwaka."

"Basi yeye mpime siku ya mapumziko, mbali na moshi. Mimi nipime hivi nilivyo."

Akachomoa pakiti kutoka kwenye soksi, akawasha sigara mbele yake. Wenzake wakatoka mmoja mmoja kutazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Shemeji naye akaja kusimama mlangoni, koleo refu la mbao la kuipulia mikate mkononi.

Mkanda unga akavuta mpaka kwenye kichungi, kisha akanyoosha mkono kuupokea mrija. Harufu ya mikate inayoungua ilianza kutoka ndani, na shemeji yake hakugeuka.