Skrubu Nne Chini ya Meza ya Ellen

Wageni kumi na wanne walikuwa waje Jumapili kula chakula cha kipaimara cha Sidsel, mjukuu wa Mama Ellen, na meza ya bibi huyo ilikuwa ya watu sita.

"Tukakodi meza za plastiki," alisema Preben.

"Meza za plastiki nyumbani kwa mama yangu? Labda nikishazikwa," alijibu dada yake, Jytte.

Jytte alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane katika kiwanda cha samani pale mjini Skive, Denmark. Aliijua meza ile kama anavyojua viganja vyake: mtiki mtupu, miguu myembamba iliyochongwa mviringo, na mbao mbili za kuongezea zilizolala chini ya uso wake, moja kila ncha. Baba yao aliinunua mwaka 1961. Tangu mwaka aliofariki, mbao hazikuvutika tena.

"Mti umevimba," alisema Mama Ellen bila kuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Mwaka wa kumi na tisa huu. Iacheni."

"Mtiki hauvimbi hivyo, Mama."

Jytte akalala chali sakafuni, akaingia chini na tochi.

"Msituni kwema, fundi?" Preben alimtania.

"Nyamaza, unishikie tochi."

Hapo ndipo alipoziona: skrubu nne za chuma, zimekazwa kutoka chini hadi ndani ya mbao zile za kuongezea. Kiwandani hakuna fundi ambaye angefanya hivyo. Akatoka taratibu, vumbi nyweleni.

"Mama, nani alizipiga hizi?"

Kisu kikasimama. "Mimi."

Akakiweka kando.

"Krismasi ile ya kwanza bila baba yenu niliivuta meza, nikapanga sahani. Mikono ikapanga kumi na mbili, kama siku zote. Tulikuwa kumi na mmoja. Watu walipoondoka nikachukua bisibisi ya baba yenu." Akafuta mikono kwa aproni. "Nilidhani nitazitoa mwakani."

Preben akageukia dirishani. Jytte akapiga goti mbele ya mama yake.

"Nizitoe, au niziache? Sema wewe."

"Toa! Sasa watu watakula wapi, magotini?"

Tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuwa imeshika kutu. Jytte akaipasha moto kwa pasi ya kulehemu, akaizungusha nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka ikaachia. Mbao zikateleza nje kama zilifungwa jana, rangi yake changa kuliko ya katikati iliyopigwa na jua miaka yote.

"Inafanana na suruali yenye viraka," alisema Preben.

"Na wewe je, na hicho kipara?" alisema Mama Ellen.

Jumapili alipanga sahani mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Kumi na tano, pamoja na yake. Kisha akavuta kiti cha mwisho wa meza, mahali pa mumewe, akaketi, akaomba apewe samaki wa siki.