Vitabu Vilivyofunguliwa kwa Kushoto

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1964, niliingia katika chumba cha vitabu vya kale, ndani ya maktaba mpya ya Mahajanga. Nilikuwa nimetoka Andoany, Nosy Be, kwa mambo mawili: kukitazama kitabu cha babu yangu kikiwa ndani ya kioo, na kumwoza binti yangu Faouzia siku ya Ijumaa. Mchumba wake alikuwa Elamine, mwana wa Mzee Mchangama.

Kitabu hicho nilikitoa mwenyewe. Abdou, karani wa maktaba, alipita nyumba kwa nyumba huko kwetu akisema nchi imepata uhuru na wageni wajue kwamba wazee wetu waliandika. Nilikuwa na miezi saba katika darasa la watu wazima. Karatasi yake niliitia sahihi kwa mkono wangu, na hiyo ilikuwa sahihi ya kwanza maishani mwangu.

Vitabu vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja katika sanduku lake la kioo lenye kufuli. Chini ya kila kimoja palikuwa na kibao cha Kifaransa. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka maana ikanijia: ukurasa wa kwanza.

Nikakitazama kitabu chetu. Herufi za Kiarabu sikufundishwa kuzisoma zikiandikwa kwa mkono, lakini ukurasa wa kwanza wa kitabu chetu niliujua kwa sura. Baba yangu Madi alikuwa akitufunulia kila Maulidi: Bismillahi ndefu ya wino mwekundu, kutoka pambizo hadi pambizo. Pale haikuwapo. Palikuwa na mistari midogo ya wino mweusi, na majina.

"Abdou, huu si ukurasa wa kwanza," nilisema.

"Bweni Zoubeida, miezi saba darasani na tayari unaikosoa serikali?" Alicheka; Bweni ndivyo tumwitavyo mwanamke wa heshima. "Nimevifungua vyote mwenyewe, kwa mikono hii."

"Pameandikwa nini hapa?"

"Mambo ya dini." Alisema hivyo akitazama pembeni, nami nikajua kwamba hasomi. Alisomeshwa shule ya Kifaransa tangu utotoni.

Nilifikia kwa Koko Kouraichia, mwanamke mzee aliyefundisha Kurani watoto wa mtaa ule kwa miaka arobaini. Nilimleta mchana uleule. Alipoviona vile vitabu alimgeukia Abdou. "Mjukuu wangu, umewavalisha wazee kanzu nyuma mbele. Hivi huanzia kulia, na mwishoni ndipo wazee walipoandika mambo ya nyumba zao. Wewe umewaanika watu miisho yao."

Abdou alitabasamu kwa haya. Koko aliinama juu ya kitabu chetu, akatusomea. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, lugha waliyoiandikia wazee wetu, ingawa sisi nyumbani twasema Kikomoro na sokoni Kimalagasi.

"Nimemnunua Rabiata, mjakazi, mtu wa ng'ambo, hapa Boanamary. Nimemwacha huru siku alipomzaa mwanangu Madi. Aliyesoma asimfiche."

Koko aliacha utani.

Rabiata ni bibi yangu. Tangu utoto niliambiwa kuwa alitoka Anzuani, katika nyumba ya masharifu. Ndivyo nilivyomwambia Mzee Mchangama alipokuja kuuliza ukoo wetu, nami nilimwapia. Katika nyumba kama yake, kitukuu wa mjakazi haolewi na mwana wa kwanza. Na Mzee Mchangama anasoma herufi zile kama mtu anywavyo maji.

"Kigeuze," nilimwomba Abdou.

"Ufunguo anao mkurugenzi. Yuko Antananarivo, atafika kesho asubuhi kwa ufunguzi, pamoja na wageni wa serikali."

"Basi tupa kitambaa juu yake."

"Nikifunika kimoja nitaulizwa kwa nini, Bweni. Nitajibu nini?"

Nyuma yetu wafanyakazi walikuwa wakipanga viti. Kwenye kiti cha mstari wa mbele niliona karatasi yenye jina la Mchangama. Koko naye alikuwa akipita sanduku baada ya sanduku, akisoma kimyakimya. Alipomaliza cha kumi na mbili alivionyesha vile viti, akasema tu, "Kesho watu hawa wasije," akatoka bila kunisubiri.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Mchangama, nikiwa nimejitayarisha kumwambia mwenyewe. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele wa harusi, na Faouzia katikati yao, mikono imepakwa hina. Mzee alinipokea mlangoni kwa furaha.

"Mkwe wangu, nimesikia kitabu cha babu yako kimewekwa. Usiseme neno. Kesho nitakusomea mimi, ujue unatoka wapi."

Niliufungua mdomo. Faouzia alinipungia mkono ule mwekundu. Nikaufunga.

Asubuhi hotuba zilikuwa ndefu. Zilipokwisha, Mzee Mchangama aliniita kwenye kioo chetu mbele ya jamaa zake. Kidole chake kilitembea juu ya kioo, kutoka kulia kwenda kushoto, kikasimama. Alirudia mstari uleule.

"Rabiata ni nani kwako?"

"Mama mzaa baba."

"Yule wa Anzuani?"

"Yule niliyekwambia ni wa Anzuani."

Alivua miwani, akaifuta, akaitia mfukoni. "Kuzaliwa hukukuchagua," alisema taratibu. "Kuniapia ulichagua." Alasiri mchele ulirudishwa kwenye magunia, na Elamine hakutoka nje kuagana na binti yangu. Faouzia hajanisemesha tangu tulipopanda meli.

Nilimwomba mkurugenzi akigeuze kitabu. Alinijibu kwamba picha za kurasa hizo zimekwisha kuchapishwa, na kwamba masanduku hayatafunguliwa hadi mwisho wa mwezi Machi. Niliomba kwa kuchelewa, najua. Bibi yangu hakuniharibia kitu. Mimi ndiye niliyemfanya siri, jioni ile nilipofunga mdomo.

Vitabu vingine kumi na kimoja viko wazi hivyohivyo, na ni vya nyumba za Nosy Be, Boanamary na Mahajanga. Koko Kouraichia anajua vinasema nini, naye amekataa kutamka. Siku ya ufunguzi niliona wazee wawili wakisoma kitabu cha mtu asiyekuwapo, kisha wakatazamana. Ewe uliyesoma, kama una jirani aliyempa Abdou kitabu, mpelekee maneno haya, na kama hasomi, msomee wewe: aende akaone mlango gani wa nyumba yake umeachwa wazi, na awaambie watoto wake kabla hawajaambiwa na mwingine.