Mkono wa Kulia wa Hawo

Mwaka wa 1996 mtaa mzima wa Bulla Iftin, Garissa, ulimsema Ugbad kwamba hana haya. Mama yake, Hawo, alikuwa amepatwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala, na binti huyo alikuwa akimtengea anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, kisha anakaa kando, mikono mapajani, anamtazama mama wa watu akihangaika nayo. Binti gani huyo?

Ugbad alikuwa na jibu, ila nani angemsikiliza? Pale hospitali, Roda, mtaalamu wa tiba ya shughuli, alikuwa amemweleza kwamba shughuli si ajira. Ni kuvaa, kula, kusali, kumkaribisha mgeni, yote yanayomfanya mtu ajione mtu. Kila tonge utakalomlisha, alimwambia, unamnyang'anya mkono wake. Mwanzoni Roda alitaka kumzoeza mkono wa kushoto, Hawo akafunga kinywa kama duka saa ya swala. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kula hakumo. Roda hakubishana. Alikizungushia kishikio cha kikombe kitambaa mpaka kikanenepa, kishikike, akaanza upya na mkono uleule uliolala.

Miezi ikapita. Chai ilimwagika, anjera zilianguka, Ugbad akawa analia jikoni kwa siri. Umbea nao ukafika kijijini Kotile, na Maka, dada mkubwa wa Hawo, akapanda lori hadi Garissa, amekuja juu: anamchukua mdogo wake, akatunzwe na wenye huruma.

Ugbad akawatengea sinia ya anjera na samli. Hajatulia hata kidogo, Maka alimega kipande akakipeleka kinywani mwa mgonjwa. Ugbad, aliyelelewa asimjibu mkubwa hata kwa macho, akaushika mkono wa Maka.

"Muache, mama mkubwa. Mkono wake anao."

Maka alifura. Hawo hakumtazama yeyote. Mkono wake ulijikokota hadi kwenye sinia. Vidole vikabana, vikamega, vikachovya samli. Tonge likapanda polepole. Lakini halikwenda kinywani mwake. Lilivuka sinia, samli ikidondoka, likasimama mbele ya midomo ya Maka.

"Kula, dada," Hawo alisema. "Mgeni hapa ni wewe."

 Maka alifungua kinywa, akalishwa. Ugbad aliketi palepale, kifua kimemjaa fahari, akimwangalia mama yake akimega tonge la pili.