Mguu Usio na Pete

Noreen aliufunua mguu wa kushoto wa kipanga kwa kidole kimoja, kisha wa kulia. Hakukuwa na pete. Akarudia tena ule wa kushoto.

Delbert Hruska, ndege akiwa mkononi mwake, alijua yamemfika. Miaka ishirini na sita anatumia vipanga kufukuza kwezi, vindege walao matunda, katika mashamba ya zabibu ya bonde la Yakima, na sheria anaijua vilivyo: kazi ya kulipwa ni ya kipanga aliyeanguliwa bandani, mwenye pete ya chuma mguuni. Wa porini, uliyemtega mwenyewe, ni wa kuwindia tu. Na huyu Noreen, mkaguzi wa leo, ndiye aliyejifunza kwake. Delbert mwenyewe ndiye aliyemwambia: ukifika kwa mfugaji, kabla hata ya salamu, tazama miguu.

Dolly, kipanga wake mwenye pete, alikuwa nyumbani, wayo umevimba. Zilibaki siku nne uchumaji wa zabibu uishe. Angeweza kumwita mwenzake wa ng'ambo ya mto amshikie kazi. Lakini tusidanganyane: hata kabla Dolly hajaugua, alitamani watu wamwone huyu wa porini. Lo, namna anavyoshuka! Wachumaji walisimamisha mikasi, vichwa juu, na mzee akavimba bichwa. Sasa alijuta.

Noreen akashusha sauti. "Mzee wangu, leo ulitoka kuwinda tu, sivyo? Hapa umepita njia."

Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, haijaandika kitu. Neno moja tu, na leseni ingebaki.

"Niko kazini tangu Jumatatu," Delbert alisema. "Na usinifichie, Noreen. Sikukufundisha hivyo."

"Na hivi ulivyofanya je, ulinifundisha?"

Delbert akamtazama Noreen akiandika, polepole, pua ikiwa imemwiva kwa kuzuia machozi. Leseni zote mbili, ya kazi na ya kuwinda, zilisimamishwa miaka mitatu. Mtu wa miaka sabini na moja, miaka mitatu aipeleke wapi? Dolly angechukuliwa na mfugaji mwingine. Huyu wa porini alitakiwa arudi porini, leo hii, mkaguzi akishuhudia.

Delbert alikata kamba za ngozi miguuni mwa ndege, akamvua njuga, akainua mkono. Kipanga akaruka, akapanda juu sana, akawa nukta. Noreen akasema basi, kaenda, tushukuru.

Hakwenda. Kwezi walikuwa wameshaanza kumwagika mizabibuni, na yeye akawapita bila kuwajali, akaja moja kwa moja kwenye mkono aliouzoea.

Delbert akauficha mgongoni.

Ndege akatua juu ya nguzo ya mzabibu, hatua mbili tu kutoka kwake. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, akiutafuta.