Ziwa Safi Saa Tatu Asubuhi

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, Bwana Muhuri, afisa wa gati, aliinamia ziwa kama anayejitazama kwenye kioo, kisha akaandika daftarini: "Gugumaji hakuna." Na kweli halikuwepo. Upepo wa asubuhi ulikuwa umelisukuma mbali. Mchana upepo uligeuka, ukalirudisha likiwa zulia zima, nene, la kuziba gati mpaka jioni. Saa hizo Bwana Muhuri huwa anakula.

Mama Kasia alikuwa akikumba maji kwenye mashua yake Bwana Muhuri alipomwita.

"Mama, leo siku ya tatu hujavusha mtu. Kanuni unaijua. Usipovusha, leseni nampa mwingine."

"Baba, abiria wangu ni wa mchana, wakitoka sokoni. Na mchana hapapitiki."

"Kwa nini?"

"Magugu!"

Bwana Muhuri akapekua daftari. "Hayapo tangu mwezi wa pili."

"Yapo."

"Hayajaandikwa."

Mashua hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mume mgonjwa na watoto wanne. Mama Kasia akavuta pumzi. "Basi panda, twende kisiwani na kurudi. Ujionee."

"Muhuri anaogopa maji!" akapiga kelele muuza vitumbua.

Heshima ya serikali ilikuwa hatarini. Bwana Muhuri akapanda, na daftari lake, na jaketi okozi pekee la ofisi.

Kwenda, waliteleza. Kurudi, upepo ukageuka. Saa saba na nusu, hatua ishirini kutoka gatini, mashua ikagota. Kasia lilizama kwenye majani likatoka na mizizi yenye ndevu kuliko babu yeyote. Mama Kasia alivuta mpaka viganja vikachubuka. Bwana Muhuri akatazama magugu, akatazama ofisi yake, akatazama tena magugu.

"Umeyaona, baba?"

"Nimeyaona."

Akalamba kidole, akafungua daftari, akaandika. Mama Kasia akachungulia begani kwake: *Chombo kimekwama. Sababu: uzembe wa nahodha.*

"Na magugu?"

"Nikiyaandika leo, mama, wakubwa wataniuliza jana yalikuwa wapi."

"Na leseni yangu?"

"Mzembe hapewi leseni. Kanuni hiyo."

Mama Kasia alilitoa kasia majini, akalifuta kwa pindo la gauni, akalisukumia chini ya benchi. Kisha akajinyoosha juu ya benchi hilo na kujifunika uso kwa kitambaa.

"We mama! Unafanya nini? Nina kikao saa tisa!"

"Nazembea, baba. Usije ukaonekana umeandika uongo."