Bastola ya Mzee Hobart

Siku ile mjinga alikuwa Verlin, na hata yeye hakatai. Mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, anakwenda na ukoo mzima kupamba makaburi, naye anatia bastola ya marehemu baba yake kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, eti kwa sababu mzee Hobart ndivyo alivyofanya kila mwezi wa Mei.

Kilikuwa kibastola cha kufichika kiganjani, kimechakaa mpaka maandishi yamefutika. Binti yake, Twyla, alikwisha kumwambia: kitu kile kikiwa nyumbani, Josie haji kukaa kwa babu likizo hii. Na Verlin alimngoja mjukuu huyo tangu majira ya theluji. Hata bembea alishamfungia. Fundi wa bunduki kule bondeni naye alimsihi amletee aikague, maana bastola kuukuu kama ile, kidude chake cha usalama, kile cha kuifunga isilie, hulika kwa ndani. Verlin akakibonyeza mbele yake, kikalia ta. Unasikia, akasema, kinafanya kazi. Fundi akamjibu kwamba hata mlango uliooza, komeo lake hulia.

Basi pale kilimani, Verlin akainama kumwekea baba yake maua. Bastola ikachomoka mfukoni, ikaangukia ukingo wa jiwe la kaburi, ikalia. Watu wote wakalala chini. Walipoinua vichwa, sufuria la maharage aliyopika Verlin kwa chakula cha mchana lilikuwa linavuja pande mbili, na Josie amesimama kando yake, sahani mkononi, bado anangoja kupakuliwa.

Hakuna aliyeumia. Binamu zake, roho zilipowarudia, wakaanza kumtania: maharage ya Verlin ni magumu, tunajua, lakini kumbe huuawa kwanza. Yeye mwenyewe alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Twyla alimbeba mtoto, akashika njia ya magari.

Verlin akamfuata mbio mpaka kivulini, ambako mama yake, bibi Ottie, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akifuta mchuzi kwenye gauni lake.

"Nilikuwa nimeifunga, mwanangu. Nakuapia."

"Najua uliifunga, Baba. Hilo ndilo linalonitisha."

Hapo Verlin akapandisha sauti. Akasema ajali ni ajali, na kitu cha urithi hakitupwi kwa ajali moja. Bastola ile baba yake aliibeba maisha yake yote, kwenye mfuko ule ule. Alipanda nayo farasi, akaanguka nayo mtoni, akalewa nayo harusini. Haikumlipukia hata mara moja.

"Nitajieni siku moja tu," akasema. "Mama, wewe ndiye uliyeishi naye. Sema."

Bibi Ottie hakuinua macho kutoka kwenye gauni.

"Haikuwa na risasi, Verlin. Wiki ile ile tuliyooana nilimwambia achague: risasi au kitanda."